Suti ya Buluu

Niliinunua Mwanga kwa mkopo,
nikaivaa chini ya joho, jua likinipika.
Tangu hapo haijapumzika kabatini.

Ilimsindikiza Bukuru kumwoa Zabibu, Ujiji;
doa la pilau halijatoka hadi leo.
Ikaenda kwa Ntakije. Kamati ikanipa uhasibu:
si nina shahada yake?
Nikahesabu michango ya watu, yangu nikaandika *ahadi*.
Usaili imeketi mara tatu.
Walisema watapiga simu.

Machi, Gwimo akapata udhamini, Uchina ya kaskazini.
Akaja usiku, amenyoa, ana haya:
“Kaka, ubalozini nitavaa nini?”
Mama akaipiga pasi ya mkaa,
akatia mfukoni kipande cha sabuni ya mawese.
Treni ikawachukua wote wawili.

Jana picha imeingia.
Gwimo kasimama kwenye theluji,
mikono ya koti haimfiki vifundoni.
Nikaikuza kwa vidole, nikatafuta lile doa.

Lipo.

Huku Kibirizi nimekalia gunia la dagaa,
namwandikia mteja risiti.
Jumapili Ntakije anabatiza mtoto.
Nitavaa shati.