Punje ya Ukoko

Waliniita mimi kwa kuwa nilikuwa na miaka saba,
na mkono wa mtoto, alisema katibu Lali, haujui hila.
Sufuria ilitoka jikoni kwa mama, Langoni,
ile ya pilau, imesuguliwa kwa majivu mbiombio,
ndani yake vikaratasi vimesokotwa vidogo
kama tambuu za wanasesere.

Cha kwanza nilichokigusa kilikuwa kimenata.
Punje moja ya ukoko, chini kabisa, ilikishika.
Nikakivuta, kikagoma.
Watu wananitazama, na mimi mwenye haya;
nikakiacha, nikachukua cha jirani yake.

"Faza!" akasoma katibu.
Mabingwa miaka mitatu mfululizo.
Baraza zima likatoa sauti
ya tairi linaloishiwa upepo.

Jumanne tukafungwa sita.
Famau, kipa wetu, alizifuata wavuni mojamoja
kama mtu aokotaye nguo zilizoanguka kambani.
Hakudaka tena. Sasa anauza simiti Mokowe,
na ukimrushia funguo huziacha zianguke.

Kile kilichonata kilikuwa Kipungani,
waliokuja wachezaji tisa pamoja na mpishi wao.
Wakaangukia Matondoni. Kisha Matondoni wakapata wepesi wengine,
wepesi juu ya wepesi, hadi fainali,
na kipa wao Shekuwe akaonwa na mtu wa Mombasa:
akapata viatu, akapata mshahara, akapata kitambi.
Leo ni kocha. Husema redioni kwamba siri ni nidhamu.
Sibishi. Alikuwa nayo.
Famau naye alikuwa nayo.

Mume wangu huwasha televisheni kwa ajili ya mechi.
Mimi, kwa ajili ya droo.
Suti, taa, mabakuli ya kioo yaliyooshwa yakaoshika,
vijipira vinapasuka katikati kama kokwa za kungu.
Timu wamezigawa katika vyungu, anasema mtangazaji,
nami nacheka peke yangu. Chungu nakijua.
Mwezi ukiisha kutakuwa na taifa linaloitwa kubwa
ambalo halikukutana na mkubwa mwenzake ila mara moja, naye majeruhi;
na kocha fulani, kutoka kundi la kifo,
atafukuzwa kazi kabla begi lake halijashuka kwenye ndege.

Sisemi kombe ni bahati tupu.
Faza walijua mpira, hilo nalishuhudia.
Nasema tu: tazama vidole.
Kuna nukta vinagusa kimoja, vinakiacha, vinahamia kingine,
na hakuna kamera inayorudia hapo.

Famau ni mtoto wa mjomba. Akivuka kutoka Mokowe hula kwetu.
Ijumaa iliyopita alisukuma sahani, akauliza ukoko umebaki.
Nikakwangua sufuria ile ile, imebonyea ubavu mmoja,
nikamletea.
Alitafuna polepole, macho kwenye marudio ya mechi,
akasema huu ndio utamu wenyewe.
Nikamwongeza.