Jukwaa la Pili

Stesheni ya Nant Gerwyn ina majukwaa mawili
na mvua moja.
La kwanza lina mkahawa, maua kwenye ndoo za shaba,
na Meurig, mwalimu mstaafu wa hesabu,
kavaa kofia ya shirika
lililofilisika kabla hajazaliwa.
La pili ni langu: benchi, saa ya ukutani, kipenga.

Yote mawili ni garimoshi.
Lile lina moshi; langu limebakiwa na jina.

Agosti wageni hushuka na watoto na makoti ya mvua.
Hulipa pauni thelathini na mbili
waende maili saba, wageuke, warudi walikotoka
na masizi puani, wakicheka.
Kwangu, kwa pauni nne tu, wangefika baharini.
Nawaambia.
Wananitazama kama muuza sumu ya panya.

Sikatai, likipiga honi bonde zima huitika,
kondoo huinua vichwa,
nami huinua changu.

Ila Januari lile hulala bandani chini ya turubai,
langu linabeba wauguzi wa zamu ya alfajiri,
vijana wa chuo wenye usingizi,
Bi Tegwen na cherehani yake inayoharibika kila mwezi.

Baba yangu, Idwal, alilisha tanuri miaka kumi na tisa,
tani tatu kwa zamu.
Alikohoa weusi kwenye leso nyeupe
mpaka mama akaacha kununua nyeupe.
Sasa daktari wa meno kutoka Coventry
hulipa ada kila mwaka ashike koleo kama lile,
Jumamosi tu. Jumapili mgongo humuuma.

Wiki jana nilimsukuma baba kwenye kiti cha magurudumu,
ana kliniki ya mapafu mjini.
Meurig akampigia saluti, akampa kiti cha bure, daraja la kwanza.
“Linafika hospitali?” baba akauliza.
“Halifiki.”
“Basi.”

Tukapanda langu.
Baada ya daraja reli mbili hukimbia sambamba kidogo,
na watoto wa upande wa pili wakatupungia mikono,
behewa zima, wakidhani sisi ndio watazamaji.
Baba hakupunga.
Alifuta kioo kwa mkono wa koti, akakodoa juu ya dohani.

“Mweusi mno,” akasema. “Anarundika katikati.
Mwambie atupe pembeni,
moto upate kuvuta pumzi.”