Nusu Wakia

Saa sita na robo usiku, Saiq.
Mlima umelala na makomamanga yake.
Azzan anasema: usiku huu tuufute.
Ananionyesha kiwambo, mwanga umeshuka
kama koroboi iliyonyimwa mafuta.
Vumbi limepanda tangu alasiri kutoka Rub al-Khali,
halikuja na kishindo, halikubisha hodi;
limetandika shuka jembamba kati yetu na nyota
na nyota zimeridhika.

Mimi nasema: subiri.

Juu kule, kilomita kumi na kitu juu ya vioo vyetu,
chembe ya nuru iliyoanza safari kabla watu hawajajua kuhesabu
inajigonga kwenye hewa, inavunjika,
na vipande vyake vinazaa vipande
hadi inakuwa mvua isiyolowesha mtu.
Mvua hiyo ina mmweko wa buluu.
Ukitamka "bi" ya bismillahi
umekwisha kupita mara milioni kumi.
Hatukioni kilichokuja. Tunaona kilivyovunjika,
kama mama aliye chumbani anavyojua, kwa mlio tu,
ni gilasi gani imeanguka jikoni.

Kwa hiyo hewa ndiyo kioo chetu cha kwanza,
na si sisi tulioisugua.

Babu Hamdun aliporudi kutoka Bujumbura
alifungua duka Mudhaibi: iliki, zafarani, ndimu kavu.
Mizani yake ilikuwa na ugonjwa.
Ikisema ratili, ni ratili kasoro nusu wakia.
Watu wakamwambia, nunua nyingine.
Akachukua chaki, akaandika ubaoni kwa Kiarabu,
na chini yake kwa Kiswahili chetu cha nyumbani:
MIZANI HII INAPUNJA NUSU WAKIA.
Na kila alipopima, mkono wake uliongeza.
"Hiyo mpya sijui itapunja kiasi gani," alisema.
"Hii naijua."

Nafyatua leza.
Mstari wa kijani unasimama juu ya uwanda, wima kama alifu.
Nahesabu kinachonirudia:
kutoka mita mia tano, kidogo;
kutoka elfu moja na mia mbili, kingi mno.
Hapo ndipo lilipolala, vumbi.
Juu yake hewa ni safi, haina habari.

Inapunja theluthi.
Naandika theluthi. Kila picha naigawa kwa theluthi mbili zilizosalia,
na zile zilizokonda, zenye umbo la yai la kanga,
zinanenepa mbele yetu, moja baada ya moja,
zinapewa haki yake.
Azzan anamimina kahawa, finjani ya kwanza, ya pili.
"Basi Rayya, usiku umepona."

Simjibu.

Maana ipo mimweko mingine, midogo,
iliyotoka mbali vilevile, ikafika dhaifu,
vumbi likainywa yote kabla ya kioo.
Haina picha. Siwezi kuizidisha.
Sufuri, izidishe kwa chochote upendacho,
itabaki inakutazama.
Daftari la babu nimelisoma ukurasa kwa ukurasa:
wakia zote alizorudisha zimo,
za Bi Shamsa, za mwalimu wa chuo, za watoto waliotumwa.
Waliosimama mlangoni, wakasoma ile chaki,
wakaingiwa na shaka, wakaenda zao,
hawamo.

Saa kumi na moja kasoro nafunika kamera.
Azzan huiacha wazi safu ya mwisho ya ripoti.
Mimi naijaza, kwa herufi ndogo:
ipo ambayo hatukuiona, nakadiria ni mingapi,
nakadiria pia nimekosea kwa kiasi gani.

Nje nafuta miwani kwa ncha ya mtandio.
Vumbi linabaki kidoleni, laini.
Naliweka ulimini, sijui kwa nini.

Lina ladha ya chaki.