Duara Ni Ndiyo

Mwaka ule korosho ilipopanda bei, Newala,
wengine walinunua bati, wengine pikipiki,
mmoja alioa, akaacha, akaoa tena kabla ya masika.
Chitanda akashuka Mtwara, akarudi na televisheni yenye mgongo,
mashine nyeusi iliyokwishatumika,
na sahani tatu zenye picha ya korongo
amesimama kwa mguu mmoja.

Hiyo ndiyo kampuni. Jina lake hatukulijua,
liliandikwa kama njiti za kiberiti zilizomwagika.
Tukaiita Korongo.
Gemu ya magari, ya Korongo. Ya ngumi, ya Korongo.
Na ile ya tatu, ya mtoto mwenye kofia ya majani
anayetembea peke yake kwenye theluji,
hatukujua ni gemu ya nini.

Mia mbili, dakika kumi,
kwa saa ya ukutani iliyochelewa, Mungu aibariki.

Sisi huku juu ndoo ya maji tunainunua.
Mle ndani mto unapita bure
na mtoto hainami hata kunawa uso.
"Mjinga huyu," alisema Likanga,
akibonyeza vitufe vyote kwa pamoja.

Kila kijiji kilikuwa na mlango mmoja unaofunguka.
Mama mwenye aproni anatoka, anasema njiti zake,
na chini yake yanatokea maneno mawili,
moja juu, moja chini.
Tulibonyeza duara kwenye la juu. Duara ni ndiyo,
hilo tulilijua kama tunavyojua kuitika.
Mama anainamisha kichwa. Mlango unafungwa.
Theluji. Hatua arobaini, hamsini,
halafu mtoto anakaa chini, kioo kinakuwa cheupe chote,
na korongo anarudi na mguu wake mmoja.

Tuliilaumu padi. Tuliwalaumu Tanesko,
ambao dhambi zao wanazo, ila hii haikuwa yao.
Likanga aliapa gemu ni feki,
imechomwa Kariakoo, mwisho wake ukasahaulika.
Somoe, aliyetumwa sukari akapitia kwetu na chenji ya mama yake,
alisema mara moja tu:
"Bonyeza la chini."
Nani amsikilize? Alilipa mia mbili kamili,
akacheza dakika mbili, tukamnyang'anya padi.

Siku hizi nafungua simu za watu kwa bisibisi, pale stendi.
Chitanda alipouza vitu vyake
mashine niliichukua kwa elfu kumi na tano.
Na juzi nikasoma kwamba Korongo wamefunga ofisi, huko Osaka,
wafanyakazi thelathini na mmoja,
viti vimepigwa mnada.

Usiku ule nikaiwasha.
Mama akatoka na aproni yake.
Nikaielekeza simu kwenye kioo, ile yenye kutafsiri,
njiti zikatetemeka, zikakaa sawa:

*Umetoka mbali. Umeshakula?*

Juu: *Ndiyo, nimeshiba.*
Chini: *Bado.*

Nilikaa pale, bisibisi mkononi.
Kwetu ukiulizwa hivyo kwa watu, umeshiba,
hata kama tumbo linanguruma mpaka mwenyeji analisikia.
Mtu fulani aliliandika swali lile, labda saa nane za usiku,
naye hajala, Newala hajawahi kuisikia,
na sisi tukamjibu kwa adabu zetu zote
mpaka mtoto wake akafa njaa,
kila siku, kwa mia mbili.

Nikabonyeza la chini.

Mlango haukufungwa. Bakuli. Mvuke.
Mtoto akavua kofia.
Miaka yote sikujua kwamba kofia ile huvulika.

Somoe ni muuguzi, Nachingwea. Nikamwandikia:
yule mama alikuwa anauliza kama tumekula.
Kimya. Alikuwa zamu ya usiku.
Alfajiri, adhana ikiisha, simu ikalia:
"Nilisema la chini.
Na dakika zangu nane bado nawadai."