Uzi wa Machi

Nimeshika bendera hii miaka kumi na tisa
katika stesheni ya Vrabchevo, reli nyembamba,
milima ya Rodope.
Treni nne kwa siku, theluji ikiridhia.
Najua kuhesabu.

Ndiyo maana niliudhika, Zlatina,
nilipoukuta msumarini, chini ya taa yangu:
uzi wa Machi, mwekundu na mweupe,
tunaofungana mikononi mwezi huo ukiingia
na kuuvua tukimwona korongo, au mti uliochanua.
Ilikuwa Novemba. Korongo walishakwenda zao.
Na uzi ulijaa mafundo kama uti wa samaki.

"Ni wangu," ukasema, macho kwenye supu.
"Fundo jekundu, siku ya damu.
Jeupe, siku nyingine zote."

Nikahesabu. Kazi ni kazi.
Kutoka jekundu la kwanza
hadi jeupe la mwisho, kabla wekundu haujarudi.
Ishirini na sita.
Kisha thelathini na tatu.
Kisha arobaini na moja, nikavuta kiti.

Bibi yako Stoyna alinipa namba moja tu:
ishirini na nane, mwezi kwa mwezi.
Wangu haukuwahi kuipata.
Usichana wangu wote nilijiona saa mbovu,
ile ambayo fundi huitikisa sikioni,
akaguna, akairudisha kwa mwenyewe.
Mwezi wa ukutani, mwezi wa angani, mwezi wa tumboni:
jina moja, na kila mmoja ana nyumba yake.
Hakuna aliyeniambia.

"Mama, treni ya saa nne huchelewea wapi?"
Bondeni, nikasema. Inangoja mabehewa ya magogo,
inangoja ng'ombe watoke relini,
inamngoja Rangel amalize kahawa.
"Na ikishavuka kilele?"
Ikishavuka haina la kungoja. Ni mteremko.
Dakika hamsini, mbili tatu huku au huku,
kiangazi na kipupwe.
"Basi."
Basi nini?
"Basi ndivyo. Yai likishatoka, ni mteremko.
Wiki mbili hivi, siku moja mbili huku au huku, damu imefika.
Ucheleweshaji wote huwa kule nyuma, mwili ukipanda:
homa, mtihani, safari, au bila sababu yoyote.
Muuguzi wa shule anasema sisi wageni wa jambo hili
tunaweza kufika hata arobaini na tano.
Watu wazima, ishirini na moja mpaka thelathini na tano,
na si lazima mwezi huu ufanane na uliopita."

Ukapangusa bakuli kwa mkate.
"Kilele hakihesabiwi kutoka bondeni, mama.
Unakijua ukishafika nyumbani, ukigeuka kutazama."

Nikanyamaza.
Kwa sababu wewe mwenyewe, binti yangu,
ulikuja kwa hesabu ya bondeni.
Nilihesabu kumi na nne, nikafunga mlango siku hizo,
nikaufungua baadaye, nikiimba, kwa amani yote.
Baba yako alicheka wiki nzima.
Hilo sikukuambia mezani. Nakuandikia hapa.

Nilichosema ni hiki tu:
zikipita siku tisini bila fundo jekundu
tunashuka mjini kwa daktari, mimi na wewe.
Treni isiyoonekana hutafutwa.
Haisubiriwi kwa kukunja mikono.

Ukaitikia, ukaenda kulala.
Nami, mwenye miaka arobaini na saba,
ambaye zangu sasa zinaruka stesheni bila hata kupiga honi,
nikatoa sufi nyekundu kwenye kapu la kufumia,
nikakata kipande kirefu, nikakitazama.
Sikujua nianzie wapi.
Nikafunga fundo moja, la leo.

Simu ya bondeni ikalia: wamechelewa dakika arobaini.
Nikafungua daftari la zamu.
Muda nikaujaza.
Kwenye safu ya sababu nikaandika:
inapanda.