Neli ya Maji

Saa nane usiku, hospitali ya Arvaikheer.
Nje baridi inaliza nyaya za umeme.
Neli moja tu ya damu imeletwa,
imevikwa soksi ya sufi isigande njiani,
ya mtoto wa mfugaji, kutoka bondeni.

Moja haizungushwi.
Iache peke yake, mashine itapiga mateke,
itatembea mezani kama mbuzi aliyekata kamba.
Basi najaza neli ya pili maji ya bomba,
tone, tone, mpaka mizani ikubali,
naiketisha mkabala na mwenzake.
Nafunga kifuniko.

Mama alikuwa na yake, ya chuma,
imekazwa kwa skrubu kando ya mlango wa hema.
Juu ulimimina maziwa ya yaki; chini midomo miwili:
mmoja ukitema malai, mazito, ya manjano,
mwingine maziwa mepesi, ya ndama na ya sisi watoto.
Mpini ulikuwa na kengele. Ililia kila mzunguko
hadi mwendo ufike, kisha kimya.
"Ikilia, bado," alisema. "Ikinyamaza, mimina."

Nilimuuliza nani anayavuta malai.
Akacheka, akaendelea kuzungusha.
Sasa najua: hakuna avutaye.
Kila tone lataka kwenda moja kwa moja,
farasi asiyefunzwa kona;
ukuta unalikatalia, unalipinda, unalipinda tena.
Kizito hung'ang'ania ukutani,
chepesi husukumwa katikati.
Hata ardhi ingeyatenga, ikiachwa usiku kucha,
na asubuhi tungekuta yamechacha.
Haraka haina baraka, husema watu.
Hawajawahi kuzungusha mpini ule.

Dakika kumi. Ngurumo inashuka, inakuwa mluzi,
inakuwa pumzi. Sifungui mapema.
Chini, wekundu umesongamana kama udongo.
Juu yake utando mweupe, mwembamba kuliko ukucha.
Juu kabisa, plazma,
ya manjano kuliko inavyofaa.
Ini, nadhani. Lakini kudhani si kazi yangu.
Naifyonza polepole, nisiutikise utando.

Naandika: Temuulen, miaka sita. Namba. Saa.
Nampigia daktari, naye anaamka kwa kikohozi.

Halafu neli ya pili naimwaga kwenye sinki.
Imezunguka mizunguko ileile, elfu tatu kwa dakika,
ikatoka maji, kama ilivyoingia.