Nukta Tatu

Masindi, umeme umekatika tena.
Koplo Atugonza hababaiki:
bastola tupu, chemba kaikagua mara mbili,
imebanwa kwenye jiliwa,
taya kazivisha kipande cha ndala kuukuu.

Jana risasi zilikimbilia kulia,
basi kilengeo cha nyuma kiende kushoto.
Nyundo ya shaba: tok.
Unywele mmoja. Anachungulia.
Tok.

“Usikioshe kwa petroli,” anamwambia kuruta,
“utakipofua.”

Giza likishajaa ghala
nukta tatu za kijani zinaamka,
zimejipanga, mabega sawa.

Bastola hii ilikuwa ya Ruhweza,
zamu ya lango,
usiku ule alipolenga asichokiona.

Anazifuta kwa pamba kavu,
moja, mbili.
Ya tatu anakawia nayo.